Mzee Aliyerudisha Ujana Wake Dukani



Yako maswali ambayo katekista huulizwa hadharani, na yako mengine ambayo huulizwa njiani, watu wakiisha kutawanyika baada ya ibada, naye muulizaji akitazama upande mwingine. Swali la upweke katika ndoa ni la namna hii ya pili. Mtu asiye na mke husema waziwazi ya kuwa yu peke yake, wala haoni haya. Mjane husema, na wenzake humwendea. Lakini mwanamke aliye na mume, ambao hula chungu kimoja na kulala chini ya paa moja, atamwambia nani ya kuwa yu peke yake? Akisema, ataambiwa hana shukrani. Basi hunyamaza; naye akinyamaza miaka mingi, sisi twamsifu ya kuwa ni mtulivu. Na wako wanaume pia walio katika hali hiyo, ila wao hawasemi hata njiani.

Mwezi huu nataka kulinena neno hili kwa njia ya hadithi moja iliyoonyeshwa katika televisheni huko Marekani tarehe 20 Aprili 1962. Siku ile ilikuwa Ijumaa Kuu, maana Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 22. Sidhani ya kuwa waliopanga ratiba waliwaza habari hiyo. Mfululizo wao wakati ule ulikuwa ukitolewa Ijumaa usiku, basi. Lakini mimi nalipopiga hesabu na kuona siku hizi mbili zimekutana nalifurahi moyoni, kwa sababu hadithi yenyewe ni ya mtu aliyepewa njia ya kuyakimbia maumivu yake, naye akarudi kuyachukua tena kwa ajili ya mwenzake.

Mfululizo huo uliitwa The Twilight Zone, jina ambalo kwa maneno yetu laweza kusemwa Mahali pa Utusitusi, yaani pale mchana umekwisha na usiku haujaingia, mtu asijue akionacho ni kisiki au ni mnyama. Ulianza tarehe 2 Oktoba 1959 katika shirika la CBS, ukaisha mwaka 1964, hadithi 156 kwa jumla. Mwanzilishi wake, Rod Serling, aliandika 92 katika hizo yeye mwenyewe. Alizaliwa siku ya Krismasi mwaka 1924 mjini Syracuse, jimbo la New York, katika nyumba ya Kiyahudi. Alipigana vita huko Ufilipino akiwa askari wa miavuli, akarudi na jeraha la goti na ndoto mbaya za usiku. Mwaka 1948 alimwoa Carol Kramer, waliyekutana chuoni, wakaishi pamoja mpaka yeye alipofariki mwaka 1975, akiwa na miaka 50 tu. Mtu huyu alipenda kuyaleta mambo yapitayo maumbile, mizimu, mauti yenye umbo la mtu, wakati unaorudi nyuma. Na kwa njia hiyo aliyasema mambo ya nyumbani ambayo watu wasingalikubali kuambiwa usoni. Ziko hadithi za kutisha mle, nisifiche. Hii si ya kutisha.

Yaitwa The Trade-Ins. Jina hili latoka katika desturi ya wauza magari wa Marekani: mtu hupeleka gari lake kuukuu, likakadiriwa thamani, akaongeza fedha juu yake, akatoka na jipya. Sasa Serling aliwaza hivi: je, likiwako duka la namna hiyo, nacho kinachobadilishwa si gari bali ni mwili wa mtu?

Basi wako wazee wawili, John Holt na mkewe Marie. Wamekaa pamoja miaka mingi na wangali wakipendana. Lakini John ana maumivu makali mwilini mwake, yanayokuja kama mawimbi, yakamkunja mbele za watu. Wakasikia habari za kampuni iuzayo miili ya ujana, wakaenda. Mwuzaji wao ni mtu wa adabu, mwenye maneno laini, akawatembeza katika chumba cha maonyesho. Humo miili ya vijana imesimamishwa kama mavazi dukani, wazuri, wenye nguvu, macho yao hayana mtu ndani. Mwuzaji aliwaeleza ya kuwa akili na kumbukumbu na tabia zitahamia katika mwili mpya, na ule wa zamani utaachwa. Wakauchagua mwili wa kijana mwanamume na mwili wa kijana mwanamke, nao walipendezwa kama watoto waliochaguliwa nguo za sikukuu.

Kisha ikaja bei. Kwa watu wawili ni dola 10,000. Wao walikuwa na dola 5,000, akiba yao yote. Mkopo haukuwezekana. Zile fedha zilitosha mmoja.

Hapa nasimama kidogo, maana mahali hapa ndipo nalipotega sikio. Mwuzaji hakuwatenga kwa ubaya. Hakusema neno hata moja la kuwagombanisha. Alisoma bei tu. Na ni nyumba ngapi tuzijuazo ambazo hazikutengwa na ugomvi, wala ulevi, wala mwanamke wa nje, bali na hesabu kama hiyo: fedha zatosha mmoja kusoma, mmoja kusafiri, mmoja kutibiwa! Nayo familia ikakaa kitako, ikamchagua mmoja kwa nia njema, wote wakakubali, na yule aliyesalia akafunga mzigo wa mwenzake kwa mikono yake mwenyewe.

John alikwenda kutafuta zile 5,000 zilizopunguka, akaingia katika chumba wachezamo karata za fedha. Walimu wengine wataniuliza, mbona katekista anasimulia habari za kamari katika gazeti la jamaa za Kikristo? Nasimulia kwa kuwa imo. Tena mzee hakufanikiwa. Fedha zilimtoka kama zitokavyo kwa kila mtu. Lakini pale mezani palikuwa na mcheza kamari mmoja, Faraday jina lake, mtu mnene wa uso mgumu, ambaye kazi yake ni kuwanyang'anya watu kama huyu. Aliyaona maumivu yakimshika mzee. Akamwuliza, akaambiwa habari za Marie na ya dukani. Ndipo akataka mchezo mmoja wa mwisho kwa fedha zote alizokwisha kumpokonya. Faraday alipozitazama karata zake zilikuwa bora kuliko za mzee. Akazifunika, akamwambia ameshinda. John akaondoka na zile zile 5,000 alizokuja nazo, wala hakujua ya kuwa amehurumiwa. Bwana wetu alipotoa mfano wa mtu aliyeanguka njiani hakumchagua kuhani awe mwenye huruma; na Serling, sijui kama aliukumbuka mfano ule, alifanya vivyo hivyo.

Sasa Marie akasema, nenda wewe. Maumivu ni yako, nenda wewe.

Nimeitazama hadithi hii mara kadhaa, na kila mara nadhani neno hili la Marie ndilo neno gumu kuliko yote, ingawa lasemwa upesi. Kwa maana upweke wao haukuanzia dukani. Ulikuwako tangu maumivu yalipoingia. Mume alikuwa mahali ambapo mke hawezi kufika. Aweza kumshika mkono, aweza kumpashia maji ya moto, aweza kukesha. Lakini yale maumivu yenyewe hawezi kuyagusa, naye mgonjwa hawezi kumwonyesha. Waliowahi kuuguza wajua. Hulala watu wawili kitandani, mmoja amezama katika uchungu wake na mwenzake amesimama ukingoni akimwita. Marie alikuwa amechoka kusimama ukingoni. Aliona heri mumewe awe mzima hata ikiwa uzima huo utampeleka mbali naye. Hakuna mtu aliyemwuliza, nawe Mama, je? Hata mwuzaji, mwenye kuuliza kila kitu, hakumwuliza hilo.

John akakubali, akaingia. Mlango ulipofunguka akatoka kijana wa kama miaka ishirini na miwili, mrefu, mwenye kifua. Akanyosha mikono. Akarukaruka. Hana maumivu! Akaanza kusema mfululizo, watafanya hivi, watakwenda kule, watayaona yale yote waliyoyakosa. Maneno yalimtoka kama maji ya mfereji uliozibuliwa. Ndipo alipoutazama uso wa mkewe.

Marie hakusema kitu. Alikuwa mwanamke mzee akimtazama kijana asiyemjua, mwenye kujua mambo yote ya nyumba yao. Na yule kijana, katikati ya furaha yake, akanyamaza.

Kwa hesabu ya saa ni jambo la dakika moja. Lakini nadhani hadithi yote ilitungwa kwa ajili ya dakika hiyo. John hakufanya dhambi. Hakumwacha mkewe, hata kwa mawazo. Kila alichokinena kilikuwa na neno sisi ndani yake. Alisema tutakwenda, tutaona, tutacheza. Walakini hapakuwa na sisi tena. Mmoja amefanywa upya na mwingine amesalia vilevile, na yule wa kwanza, kwa furaha, ndiye aliyekuwa wa mwisho kulijua jambo hilo.

Akarudi ndani. Alipotoka mara ya pili alikuwa mzee tena, na maumivu yake mwilini mwake. Akamwambia mkewe, maana yake ni hiyo hata kama maneno ni mengine, ya kuwa afadhali awe na maumivu pamoja naye kuliko kuwa na afya katika mahali asipokuwapo. Wakatoka wameshikana.

Yafaa mjue habari za aliyeigiza mzee huyo, maana ni habari ya kweli na ni nzito kuliko ya kubuni. Jina lake Joseph Schildkraut, mzaliwa wa Vienna mwaka 1896. Baba yake, Rudolf, alikuwa mwigizaji mkuu wa zamani zake. Na wale walioiona ile filamu isiyo na sauti ya maisha ya Bwana Yesu, The King of Kings ya mwaka 1927, ambayo wamisionari waliichukua katika nchi nyingi, wamewaona wote wawili: baba alikuwa Kayafa na mwana alikuwa Yuda Iskariote. Baadaye Joseph alipata tuzo kubwa ya filamu ya Marekani kwa kuigiza kisa cha afisa Dreyfus katika filamu ya mwaka 1937. Katika mwaka 1955 aliigiza jukwaani Otto Frank, baba yake yule msichana Anne Frank, akamwigiza tena katika filamu ya mwaka 1959. Basi alikuwa mtu aliyezoea kuuchukua uchungu wa wengine.

Wakati walipokuwa wakiipiga picha hadithi hii ya wazee wawili, mke wa Schildkraut akafa. Walikuwa wameoana tangu mwaka 1932. Jina lake, kama la mke katika hadithi, lilikuwa Marie. Watu wangaliisimamisha kazi wala hakuna ambaye angalimlaumu. Lakini yeye hakutaka. Aliimaliza kwanza, kisha akaenda kuomboleza. Kwa hiyo mumtazamapo yule mzee akiuangalia uso wa Marie, kumbukeni ya kuwa aliyemwangalia vile alikuwa ana msiba nyumbani, au alikuwa anaukaribia. Mimi sikulijua jambo hili mara ya kwanza, na nalipolijua sikuweza kuitazama tena kwa macho yale yale. Schildkraut naye alifariki mwezi wa Januari 1964.

Katika mfululizo ule ule yako mengine mawili ambayo huyaweka pamoja na hili. Moja ni Kick the Can, lililotolewa majuma kumi tu kabla, tarehe 9 Februari 1962. Si la mume na mke, ni la marafiki wawili katika nyumba ya kutunzia wazee: mmoja aamini ya kuwa akicheza mchezo wa utotoni atakuwa mtoto, naye akawa kweli, na rafiki yake aliyekataa kuamini akasalia peke yake gizani akimbembeleza mtoto asiyemjua tena amchukue naye. La pili ni kali zaidi. Laitwa Long Live Walter Jameson, la tarehe 18 Machi 1960, liliandikwa na Charles Beaumont. Humo mwalimu wa historia katika chuo yu mwenye sifa, kwa kuwa husimulia mambo ya kale kana kwamba aliyaona. Naam, aliyaona, ameishi zaidi ya miaka elfu mbili, wala hazeeki. Katika muda huo ameoa wake wengi, na kila mmoja alipozeeka alimwacha akaenda kuoa mwingine. Sasa amechumbia binti wa mwalimu mwenzake. Ndipo akaja mwanamke kikongwe, mmojawapo wa wale walioachwa, angali na jina lake la ndoa, akampiga risasi kwa bastola yake mwenyewe. Miaka yote aliyoikwepa ikamrudia kwa mara moja, akawa mavumbi sakafuni.

Sikusifu kuua. Lakini tazameni tofauti ya hawa wanaume wawili. Wote wawili walipewa ujana ambao wake zao hawakupewa. John alikaa nao dakika chache, Jameson alikaa nao miaka elfu mbili. Jameson hakuwa mkatili kwa maneno. Alikuwa mpole, mwenye elimu, na tena aliichoka hali yake. Alichokosa ni kimoja, hakugeuka kuutazama uso. Yule kikongwe alipomjia nyumbani, alijifanya hamjui.

Nami nina la kuungama katika habari hii, maana nisingaliliandika kama lingekuwa la wengine tu.

Miaka kadhaa iliyopita nalipelekwa kusoma katika chuo kilicho mbali, miaka miwili. Hatukuwa na njia ya kwenda wote. Ilikuwa ile hesabu ya dola 5,000, kwa kipimo chetu. Mke wangu alibaki na watoto watatu, na shamba, na mama yangu aliyekuwa mgonjwa. Alinifungia mzigo. Naliporudi nalikuwa kama yule kijana aliyetoka mlangoni. Nalikuwa na vitabu, na hoja, na majina ya watu wa kale. Jioni nalikaa kibarazani nikinena, tutafanya hivi katika mtaa wetu, tutaanzisha darasa hili, tutabadili lile. Mke wangu alisikiliza na kusinzia. Nikasema moyoni, masikini, hana hamu ya mambo. Wageni walimu walipokuja tulikesha tukijadiliana, naye huleta chai akarudi jikoni. Jikoni hapo, usiku mmoja, nalimkuta ameketi penye mafiga, na moto umekwisha zimika zamani.

Nikamwuliza, una nini? Akasema hana kitu. Nikauliza tena. Akasema, "Zamani nalikuita Baba Tabitha. Siku hizi hata mimi nakuita Mwalimu, kama watu wote."

Nalitafuta jibu katika yote niliyofundishwa, sikuliona.

Tangu hapo nimekuwa nikikisoma kisa cha Hana na Elkana kwa namna nyingine. Twapenda kumsifu Elkana, na ni haki, maana alimpenda mkewe na kumpa sehemu kubwa kuliko wenzake. Alipomwona akilia alimwuliza sababu, kisha akajijibu mwenyewe kwa kumkumbusha jinsi yeye alivyo mume mwema, kuliko hata watoto wengi. Hatusomi ya kuwa Hana alimjibu. Aliondoka akaenda hekaluni kumwaga moyo wake, na huko nako kuhani, mtu aliyesomea kazi hiyo, alimdhania ya kuwa amelewa. Walimu wenzangu, sisi tu mahali pa watu hao wawili kwa siku moja: nyumbani Elkana, kanisani Eli.

Sasa nina shauri moja na bwana Serling. Hadithi yake ni nzuri, lakini imempa John njia ambayo wengi wetu hatuna. John alirudi dukani akavua ujana wake. Mimi nitarudisha wapi elimu? Kijana aliyebatizwa, na mkewe angali katika dini ya wazee wake, arudishe ubatizo wake kwa nani? Mwanamke aliyejifunza kusoma katika darasa letu la jioni, ambaye mumewe hajui herufi, asahau alichosoma? Hapana, wala asijaribu. Yule mwanamke, nimjuaye, alikuja kunieleza ya kuwa mumewe akimwona na kitabu hutoka nje. Nalikuwa tayari kumkemea mume. Kisha nikamwuliza mwanamke husoma nini jioni. Akasema Zaburi, kimoyomoyo, ili asimsumbue. Nikamwambia jaribu kusoma kwa sauti, si kwa kumfundisha, usome tu kana kwamba wajisomea. Juma la tatu akaniambia ya kuwa mumewe sasa hukaa, hutengeneza mipini ya majembe karibu na taa, na siku moja alimkosoa, kwa kuwa alikuwa ameruka mstari aliokuwa ameusikia juzi. Siwezi kusema hadithi yao imekwisha. Mwezi uliopita waligombana tena, kwa habari ya taa yenyewe na bei ya mafuta.

Kwa hiyo kule kurudi kwa John sikuchukui kama amri. Nakuchukua kama picha ya kule kunyamaza kwake, alipokatiza maneno yake akamtazama mkewe. Hilo halihitaji duka.

Juu ya miili ya kununuliwa, mtu wa darasa la ubatizo aliniuliza kama hadithi hii haipingani na ufufuo. Nalimjibu ya kuwa ufufuo hauuzwi kwa mmoja huku mwingine akiachwa mlangoni kwa kukosa dola 5,000, na ya kuwa Serling hakuwa akifundisha dini. Tuliishia hapo, kengele ikalia.

Hadithi hii nalionyeshwa mara ya kwanza na mwalimu mmoja mwenye kompyuta, na mara ya pili nalimwomba nije na mke wangu. Maneno ya Kiingereza nalimfasiria kwa sauti ya chini, hata tulipofika mahali pale mlango unapofunguka; pale nikaacha kufasiri, maana hapakuwa na haja. Alitazama mpaka mwisho asiseme kitu. Mwenye nyumba alituletea mahindi ya kuchoma, tukala, tukaaga.

Njiani aliniuliza, "Yale maumivu yake yalirudi?"

Nikasema, "Yalirudi."

"Yote?"

"Yote."

Tukaenda kitambo. Akasema, "Basi usiku huo yule mama hakulala."

Tulipofika mtoni palikuwa na giza, na mbao za daraja zilikuwa zimelegea tangu mvua. Yeye alipita mbele kwa kuwa hupita pale kila siku akienda shambani. Katikati akasimama, akanyosha mkono nyuma bila kugeuka, akasema, "Hapo pana tundu, Baba Tabitha."